Kiti cha Jackton

Jackton ni mtoto wa dereva wa treni, mzaliwa wa mtaa wa Makongeni. Babake alimfunza jambo moja: stesheni ikiwa bado mbali, kata nguvu, uzito wa treni utakufikisha. Alipopewa teksi ya umeme, aliiendesha hivyo hivyo. Kwenye Jogoo Road, kabla polisi wa raundabauti hajainua mkono, Jackton alikuwa ameshatoa mguu kwenye pedali. Gari lilijiburuta, foleni ikafunguka, hakugusa breki, na mwendo ulivyopungua betri ikajirudishia chaji.

"Mzee Jack, unabeba jeneza?" wenzake walimtania.

"Jeneza halirudishi chaji," aliwajibu. Saa tisa wao walikuwa wakipanga foleni kuchaji, yeye bado ana nusu betri.

Ndipo kampuni moja ikamtaka. Walikuwa wakifundisha gari lijiendeshe lenyewe mjini bila kumaliza betri, na walihitaji dereva wa kuigwa. Jackton akanileta nimsemee, maana mimi huuza magari pale mtaa wa Mowlem na najua meza ya mapatano.

"Aweys, mengine shauri yako," aliniambia. "Mimi nataka kiti. Gari likishajua, nibaki ndani nikiliangalia mpaka nistaafu."

Mezani huwa namwachia wa upande wa pili kitu kimoja ajione ameshinda. Siku hiyo nilidhani kiti watakikataa tu, nikawatangulia. "Kiti tukiache," nikasema, "ila malipo yawe mara mbili." Wakakubali upesi. Jackton alitia sahihi mkataba bila kusoma, kwa kuwa ni mimi.

Baada ya miezi minane, Kamene, injinia wao, alimkalisha Jackton kiti cha nyuma. Gari lilishika Jogoo Road peke yake, likalegeza mwendo mapema, likapenya raundabauti.

"Umeona? Ni wewe huyo," Kamene alimwambia. Jackton alicheka njia nzima. Ijumaa yake wakamuaga kwa heshima, kazi yake imekwisha.

Alikuja kwangu na karatasi ya mkataba. "Nionyeshe pale kiti kilipoandikwa."

"Hakipo. Nilikibadilisha na malipo."

"Nani alikwambia nilitaka malipo?" Akaondoka, hakupiga kelele.

Teksi yake ina mtu mwingine sasa, na hakuna mwenye gari anayemchukua dereva wa miaka hamsini na saba. Nimejaribu kila ninayemjua. Mwishowe nilimwendea Kamene, nikaomba kiti kile kwa masharti yoyote.

"Gari halihitaji mtu tena," alisema. "Siku ile tungekubali. Tulikuwa tumeshaamua kumpa kabla hujafungua mdomo."

Hilo sijamwambia Jackton.