Mwanangu Anaitwa Shuleni Siku ya Mtihani Tu

Admin, naomba unifichie jina. Mtoto nitamwita Koku, maana huku kwetu akina Koku ni wengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Muleba, upande wa Buganguzi. Tunalima kahawa na migomba, na siku za gulio nilikuwa nauza mitumba Kagoma. Nasema nilikuwa, mtaelewa mbele.

Koku ndiye wa kwanza, ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Daktari mjini Bukoba alituambia ana usonji. Huyu mtoto alijua kusoma kabla hajaanza shule, alijifunzia kwenye pakiti za chumvi na sabuni, na hesabu anazimaliza kichwani wakati mimi bado natafuta kalamu. Ila kelele zinamtesa, akiulizwa kwa mdomo ananyamaza, na hamwangalii mtu usoni. Kwetu Wahaya mtoto wa kike anapiga magoti kusalimia wakubwa. Koku anapita zake. Mama mkwe alishaihukumu kesi hiyo zamani: hakuna cha usonji, mtoto hakufundishwa adabu, na wa kumfundisha ni nani kama si mimi?

Shuleni shida ilianza na salamu. Mwalimu akiingia, darasa zima linasimama na kumwamkia kwa kupaza sauti, wengine wanafurahia kupiga kelele tu. Koku anaziba masikio na kuingia chini ya dawati. Alichapwa kwa hilo. Siku moja alikimbilia kwenye migomba nyuma ya shule, kipindi kikasimama, wenzake wakatumwa kumtafuta. Nilikwenda kwa mwalimu wake, na sikwenda kwa ugomvi, nilibeba na mkungu wa ndizi. Nilimwomba amkalishe karibu na mlango, wakati wa salamu amruhusu asimame nje, na maswali ajibu kwa kuandika. Akaniambia kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mama Koku, hawa wote unawaona. Kila mmoja akija na utaratibu wake, nitafundisha saa ngapi?" Sikumchukia. Niliona watoto walivyobanana kwenye madawati.

Akanishauri nimpeleke kwenye kitengo cha elimu maalumu mjini. Nikaenda. Mwalimu wa kule, mama mpole kweli, alikaa na Koku asubuhi nzima, kisha akaniita pembeni. "Mama, huyu si wa hapa. Hapa nafundisha watoto kuvaa na kunawa, huyu atarudi nyuma. Mrudishe shuleni kwake, wamsaidie huko huko." Basi nikarudi naye. Shule inasema kitengo, kitengo kinasema shule, na mimi nauli naitoa kwenye mboga.

Ukaja mtihani wa kata. Walimu wakamweka Koku ofisini peke yake asisumbue wenzake, akaandika kwa utulivu. Akawa wa kwanza kata nzima! Shule yetu, ambayo imezoea kushika mkia, ikapanda. Haikupita wiki mwalimu mkuu akaja nyumbani na pikipiki. Yeye na mume wangu ni wa ukoo mmoja, wanaitana kaka. Nilifurahi, nikamletea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, nikajua amekuja kusema Koku atasomea palepale ofisini. Kumbe! "Shemeji," akasema, "mtoto huyu ni hazina. Tumekubaliana na kaka hapa, abaki nyumbani asome kwa utulivu. Kwenye mahudhurio tutamwekea yupo. Siku ya mtihani tunatuma bodaboda imfuate."

Wamekubaliana. Mimi niliyemzaa nilikuwa jikoni.

Mume wangu haelewi hasira yangu. "Hachapwi, anafaulu, ukoo unasifiwa. Unataka nini tena?" Na kweli hachapwi, ndiyo maana nakosa pa kuanzia kumjibu. Lakini tangu siku hiyo tumefungwa wote wawili ndani ya kibanja. Gulioni siendi, kwa sababu mama mkwe hakai na mtoto asiyemsalimia. Vitabu vyake amevimaliza, na mimi niliishia la saba, sina jipya la kumpa. Wenzake wakipita njiani kwenda shule anasimama kwenye migomba kuwaangalia. Inaniuma sana.

Nilisema nitakwenda ofisi ya elimu wilayani. Mume wangu hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Ukimchongea kaka yangu, urudi kwenu Kanazi. Watoto ni wa ukoo, watabaki hapa." Nikiondoka, Koku anabaki mikononi mwa mama mkwe. Nikikaa kimya, anamaliza shule bila kuiona shule.

Kila asubuhi anavaa sare na kuniuliza, "Leo mtihani?" Nikisema hapana, anaivua, anaikunja vizuri. Jumatatu iliyopita hakuuliza. Nilimkuta amevaa, ameshika karatasi. Juu ameandika jina la shule, chini yake "Mtihani wa Hisabati", muda, halafu maswali yake mwenyewe, kila moja na nafasi ya kujibu. Hakuwa amejaza hata moja. Akanishika mkono, yeye ambaye hapendi kushikwa. "Leo mtihani upo. Twende."

Nikamwambia aufanyie hapa nyumbani, nitamsahihishia.

"Mtihani unafanyiwa shule," akasema, akaenda kusimama mlangoni.

Ndugu zangu, hasa walimu na mliolea watoto kama wangu, nisemesheni, nimechoka kuwaza peke yangu. Nikashtaki niwapoteze wanangu wote watatu, au ninyamaze nimpoteze huyu mmoja huku namwona? Kesho asubuhi atavaa tena sare. Nimjibu nini?