Kiti cha Dirishani, Upande wa Kulia

Kazini kwangu, Golden Valley, huku ughaibuni, napanga bajeti za watu wengine. Mkuu wa idara akitaka kununua hata viti vipya, sharti apite mezani kwangu, nami naweza kumwambia hapana huku natabasamu, akaondoka akiwa ameshukuru. Nimewaambia hapana wanaume wenye suti za bei kubwa kuliko gari langu. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba anataka twende Bari, mji wa pwani kule Italia, na kwamba mahesabu ananiachia mimi, niliona nimepewa kazi ya kitoto.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye simu yake. Alikuwa amerudi kutoka zamu Plymouth, mji wa jirani, kwenye kiwanda anakokagua vifaa vya hospitali, amekaa jikoni na koti la baridi bado mwilini, anaangalia video. Nikachungulia begani kwake. Hapakuwa na kitu cha kuangalia. Watu wamekaa juu ya ukuta mrefu kando ya bahari, miguu inaning'inia, mzee mmoja anamenya chungwa, na hakuna mwenye dalili ya kwenda popote. Video ikaisha, akairudisha mwanzo.

"Hao watu wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Hawafanyi kitu. Ndiyo maana nawaangalia." Akanigeukia. "Mama," akasema, ndivyo anavyoniita, "nataka na mimi nikakae pale. Siku chache tu. Simu nitaizima."

Niliacha mboga ziungue. Mume wangu si mtu wa kutaka kitu. Anakula kinachowekwa mezani, anavaa viatu ninavyomnunulia mimi, na ukimuuliza anataka zawadi gani atakwambia soksi. Jumatatu mpaka Ijumaa yuko kiwandani. Jumamosi na Jumapili jioni yuko kwenye nyumba ya wazee, anawageuza, anawaogesha, anawasikiliza hadithi zilezile. Amewahi kusinzia kwenye taa nyekundu hapa hapa Lakeville tunakoishi, binti yetu akamgusa ili aendeshe. Na tangu tufike nchi hii tukiwa wanafunzi hatujawahi kuchukua likizo isiyo na jeneza au harusi ndani yake. Tunazitaja kwa majina ya wenyewe: likizo ya baba, likizo ya kaka yangu, likizo ya harusi ya wifi. Hata fungate hatukwenda. Harusi yetu ilikula kila senti, na Jumatatu yake bwana harusi alikuwa kwenye foleni ya viza.

Basi nikafungua kompyuta nikaanza kupanga, na nakiri nilifurahi kama msichana. Nilitafuta chumba cha kuonea bahari, msimu ambao watalii wameshaondoka na bei zimeshuka. Nilijifunza kwamba kahawa ya kunywa umesimama ina bei yake na ya kunywa umekaa ina bei yake, nikaandika ya kusimama. Nikapanga basi, mkate, samaki wa jioni moja. Chini kabisa, kwa utani, nikaongeza mstari: kukaa ukutani, bure. Nilipomwonyesha alicheka mpaka akavua miwani. Kila kitu kilitosha, na kidogo kikabaki.

Ndipo akasema, "Sasa tumuage mama."

Nikamwambia tutamuaga tukisharudi. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila majibu yake ni ya Kiingereza, akadakia kutoka kwenye kochi, "Just go, Dad. Don't tell anybody." Eti tuondoke tu, tusimwambie mtu. Baba yake alimtazama kana kwamba amemtukana.

"Mtu hasafiri kama mwizi," akasema. "Tukipatwa na jambo huko njiani, mama asikie kwa majirani?"

Na mimi nimelelewa hivyohivyo. Kwetu hata ukienda mkoa wa pili unapita kwanza kwa wazazi, unaketi, unaaga, unaombewa, ndipo unashika njia. Jumapili baada ya kanisa tukampigia simu mama mkwe wangu kule Moshi, sauti tumeifungulia ili nisikie na mimi.

"Shikamoo mama," tukasema wote.

"Marahaba wanangu. Hamjambo? Mjukuu wangu hajambo?"

Mume wangu akaeleza. Tunakwenda Italia, kupumzika tu, hakuna msiba wala mkutano. Mama akauliza kama ni kule kwa mapadre. Akaambiwa ndiyo, nchi ni hiyohiyo, ila sisi tunakwenda baharini.

"Na huko ni mbali na huku kwetu?"

Nilimfinya mkono. Nilimfinya haswa, kwa kucha. Lakini huyu ni mtu ambaye hajui kumdanganya mama yake hata kwa kunyamaza.

"Si mbali sana, mama. Ni kama nusu ya njia hivi."

"Ooh," mama akasema. "Nusu ya njia."

Tukasikia mbwa wa nyumbani kwake akibweka, kisha mlango unafungwa. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, "Haya. Nendeni salama, wanangu. Mungu awatangulie."

Hakuomba kitu, na hapo ndipo nilipopatikana. Angeomba, ningemjibu, kazi yangu ni kujibu maombi. Ningemweleza kwa heshima zote kwamba mwaka huu tunapumzika, mwaka ujao tutakuja kwake. Lakini yeye alituombea safari njema akakata simu. Jioni ile, kabla ya kwenda kwa wazee wake, mume wangu alisogeza sahani pembeni ugali haujaguswa.

"Mama," akaniambia, "hebu angalia tu bei ya kutoka pale mpaka Kilimanjaro. Kuangalia tu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki haikuisha, wifi yangu akapiga simu, amejaa furaha. "Wifi, tumesikia mnakuja!"

"Nani amesema tunakuja?"

"Si mnafika mpaka nusu ya njia? Sasa mtageuzaje hapo, wifi yangu, kama watu waliofika mlangoni wakakosa kubisha hodi?"

Nikacheka naye, kwa sababu ukweli ni kwamba alinichekesha. Nilipokata simu nikapiga meza kwa kiganja mpaka binti yetu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo nikawa naitazama bajeti yangu inavyoliwa, na mimi mwenyewe ndiye ninayeilisha. Mtu haendi nyumbani mikono mitupu. Kulikuwa na miwani ya mama, dawa za magoti za baba mdogo, blanketi, viatu vya watoto, sanduku la ziada la kubebea hivyo vyote. Kila jioni mume wangu alikuja na jambo moja dogo, ameliinamishia kichwa, na kila jambo lilikuwa la haki. Nikapunguza samaki. Nikapunguza siku. Nikahamisha chumba kutoka ufukweni mpaka nyuma ya stesheni. Siku zikawa mbili, ikawa moja, na mwishowe nikagundua kwamba kupitia Amsterdam moja kwa moja mpaka Kilimanjaro kunatuokolea fedha nyingi kuliko kutia mguu Bari hata kwa usiku mmoja.

"Sema hapana," nikamwambia. Nilikuwa nimesimama, na sauti nilishaipandisha. "Mara moja tu maishani mwako, sema hapana!"

"Nimwambie nani?" akauliza, taratibu. "Hakuna aliyeomba."

Nikakaa. Ofisini huwa nawaambia vijana wangu kwamba kupanga ni kuchagua. Siku ile sikuona mahali pa kuchagua. Mama hakuwa na kosa. Wifi hakuwa na kosa. Na huyu aliyesimama mbele yangu na viatu vyake vya kazini, nikimlazimisha aende Bari, angekaa juu ya ule ukuta akimwangalia mama yake badala ya bahari. Nilikuwa na hasira na sina wa kumpa.

Nilifuta mstari wa chumba Jumamosi alasiri. Alikuwa nyuma yangu na kikombe cha chai, anakaribia kwenda kwa wazee wake.

"Ukuta hauendi popote," akasema. "Tutaenda mwaka mwingine."

Alisema vizuri, bila kununa, nami nilimwonea huruma. Alifika mlangoni, akarudi.

"Ile ndege ya kwenda nyumbani, inapita juu yake?"

Nikatafuta. Kumbe huwa inaifuata ile bahari iliyo mashariki mwa Italia kwenda kusini, mchana, na pwani inakuwa upande wa kulia. Kiti cha dirishani kilikuwa na malipo yake ya ziada. Nikalipa bila kumuuliza. Katika bajeti yote ya likizo yetu ya Bari, hicho ndicho kilichobaki.

Tuliondoka theluji ikianguka, binti tumemwacha kwa rafiki zetu kwa sababu ya shule. Ili apewe ruhusa ya safari, mume wangu alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee, akaja uwanja wa ndege moja kwa moja, ananukia sabuni ya hospitali. Ndege ya kwanza hakupata usingizi. Mtoto wa nyuma yetu alilia mpaka Amsterdam. Tulipopanda ya pili akaegemeza paji la uso kwenye kioo, macho mekundu.

"Usiniache nilale," akaniambia.

"Sikuachi."

Milima ya theluji aliiona. Alicheka, akasema baridi imetufuata hata huku. Nilipomgeukia tena alikuwa amelala.

Kwenye skrini ndogo mbele yangu kulikuwa na ramani yenye kindege kinachosogea. Nikakifuata. Majina ya miji yalikuja na kuondoka, halafu likaja la Bari. Nikainama juu ya magoti yake nikatazama nje. Hapakuwa na wingu hata moja. Pwani ilikuwa pale chini, ndefu, na mji wenyewe mweupe pembeni ya maji, kama makombo ya mkate kwenye ukingo wa meza. Ukuta haukuonekana, bila shaka, lakini nilijua uko wapi.

Nikaweka mkono begani kwake nimwamshe.

Alikuwa amelala mdomo wazi, mikono imelegea mapajani, viganja juu, vidole vimepasuka kwa maji na sabuni. Simu yake ilikuwa mfukoni, imezimwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona amelala mchana bila kushika simu, bila kushtuka, bila mtu wa kumwita. Nikamwangalia, nikaangalia chini, nikamwangalia tena. Nimwamshe apate ukuta wake, au nimwache apate pumziko aliloutakia huo ukuta? Mimi, ninayejibu maombi ya watu siku nzima, nilibaki na mkono begani kwa mume wangu nisijue la kufanya. Nilipokuwa bado nafikiri, mji ukaingia chini ya bawa, na upande wa pili wa bawa ikatokea bahari tupu.

Aliamka tukiwa juu ya jangwa. Akajifuta mdomo, akaitazama ramani.

"Tumepita?"

"Tumepita."

"Umeiona?"

"Mawingu," nikamwambia. "Mawingu matupu. Hujakosa kitu."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akafuta kioo kwa mkono wa shati lake, akaegemeza paji la uso, akaendelea kutazama chini, kwenye mchanga.