Mama Mkwe wa Wiki Mbili

Mume wangu Mervyn ana mdomo. Sisemi ana maneno, maana maneno sote tunayo. Yeye ana mdomo. Ukimtuma dukani akakununulie majani ya chai, siku hiyo utakunywa maji moto, kwa sababu njiani amekutana na mtu. Akikosa mtu anaongea na mbwa wake, Bosi. Mama yangu mzazi, Valda, hajawahi kusemeshana naye hata neno moja tangu anioe, na mimi huwa nasema ni yeye aliyefaidi ndoa hii kuliko mimi.

Kwetu Wawarlpiri, wenyeji wa jangwa la Australia, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani, hawakai kivuli kimoja. Mama akiingia dukani kwa mlango wa mbele, Mervyn anatokea wa nyuma. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kwa jambo hilo nampa haki yake: pamoja na jeuri yake yote, hapo hajawahi kuteleza.

Miaka yote hii amekuwa akifanya kazi mgodini, wiki tatu huko, moja nyumbani. Watoto wamekua wakimwona kama mgeni anayeleta soda. Kwa hiyo Daktari Philippa wa chuo kikuu alipotuambia kwamba mwaka huu wanataka dereva wa kudumu wa kutembeza wanafunzi wao, nikasema jamani, safari hii na sisi tumekumbukwa. Daktari akaongeza sharti moja. Dereva atajaribiwa kwanza, na wanafunzi wenyewe ndio watakaosema kama anafaa. Mervyn akacheka kwa kiburi. "Wao kunipenda mimi? Hilo nalo la kuuliza?" Akanunua shati jipya.

Hao wanafunzi hutoka ng'ambo kila msimu wa baridi, kundi baada ya kundi, wanakaa wiki mbili, wanajifunza mila zetu na lugha yetu, wanaondoka na cheti. Wiki mbili! Mimi nimezaliwa hapa, nimezalia hapa, na mpaka leo mama ananikosoa ninavyotamka. Lakini haya, wao ni wepesi.

Mama ndiye anayewafundisha lugha, pale kwenye kibaraza cha shule. Shida ilianza siku ya kwanza tu. Mervyn aliwazungusha na basi asubuhi nzima, na kila palipokuwa na jiwe alisimama akalitungia uongo. Jiwe hili babu yake alilibeba mgongoni. Bonde lile lilichimbwa na shangazi yake akitafuta pete. Wanafunzi wakaja kwenye somo la mama wakiwa wameandika yote hayo, wanamuuliza habari za pete. Mama akavimba kwa hasira.

"Mwambie huyo mwenye nyumba yako afunge bakuli lake," akaniambia. "Mimi nafundisha, yeye anabomoa."

Nikamfikishia. Mervyn akasema, "Kama wananipenda mimi zaidi, kosa langu nini?"

Kesho yake ilikuwa siku ya kuwapa majina. Mgeni akikaa kwetu lazima apewe jina la undugu, ili tujue ni nani kwa nani, la sivyo hatujui tumwiteje. Kila jina lina nafasi yake: huyu anakuwa shangazi wa yule, yule shemeji wa huyu. Mama akawapanga kwenye mkeka akawa anagawa. Alipofika kwa binti mmoja mrefu, Marlies, kutoka Uholanzi, mwenye kofia iliyozungushiwa meno ya mamba ya plastiki, akasita. Akatazama upande wa basi. Mervyn alikuwa amekaa kwenye ngazi, wanafunzi wamemzunguka, anasimulia. Mama akamgeukia tena Marlies, akamshika mkono.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema. "Napangardi, kama mimi."

Wanawake wote wakainamisha vichwa. Mmoja aliziba kicheko kwa shuka. Mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe! Nikasikia Mervyn amekatika katikati ya neno. Akainuka, akauficha uso kwa kofia, akaenda nyuma ya basi na Bosi wake.

Nikamvuta mama pembeni. "Mama, umefanya nini?"

"Nimepata mdogo wangu. Ni vibaya?"

"Unajua kabisa Mervyn anatafuta kazi ya hilo basi!"

"Si aendeshe? Basi linaendeshwa kwa mdomo?" Akajifunga kitambaa vizuri. "Wiki mbili tu, mwanangu. Na mimi nipumue."

Ndipo nikamwona mume wangu alivyo mtu wa mila, mpaka nikatamani kumpiga na sufuria. Alitundika blanketi nyuma ya kiti chake. Kioo cha kutazamia nyuma akakivalisha soksi. Marlies akipanda, yeye anageukia dirishani mpaka akae. Na kwa kuwa mama mkwe yumo ndani, hasimulii tena. Midomo imebana kama mtu mwenye jino bovu. Ikibidi kusema, anamwambia mbwa.

"Bosi, waambie tumefika."

"Bosi, waambie wasisahau maji."

Wanafunzi wengine walidhani ni mchezo wakacheka. Marlies hakucheka, maana aliona kwamba wenzake walau wanaangaliwa.

Halafu nyama. Mkwe mwema humpelekea mama mkwe wake nyama, tena ile nzuri. Mervyn akawa anatoka alfajiri na bunduki, anarudi na kangaruu, anaubanika mkia kwenye makaa mpaka mafuta yanachuruzika. Nusu kwa mama yangu, nusu ananituma nikaiweke mlangoni pa hema la Marlies. Watoto wake mwenyewe wanakula mkate na jemu! Na Marlies hali nyama. Yeye ni wa maharage na mbegu za alizeti. Kila asubuhi anafungua hema anakuta kipande cha mnyama kimemkodolea mafuta, anapiga ukelele, mbwa wanafaidi.

Siku moja nikampelekea chai. Mtoto wa juzi, lakini kwangu mimi ni mdogo wa mama, nifanyeje?

"Shikamoo, mama mdogo. Umeamkaje?"

Macho yake yalikuwa mekundu. "Noeleen, niambie ukweli. Kwa nini mumeo ananichukia?"

"Kukuchukia? Mama mdogo, wewe ni mama mkwe wake!"

Uso ukamng'aa. "Ndiyo, najua! Tumelisoma hilo darasani. Kuepukana kwa heshima. Ni zuri sana, ndilo ninaloliandikia insha." Kisha akainamisha kichwa tena. "Lakini mila nimeielewa. Mimi nauliza yeye mwenyewe. Yeye binafsi ananichukia kwa nini?"

Kha! Nikamtazama. Nikaeleza tena, polepole, na habari ya nyama nikaeleza. Alikuwa akitikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo," na kuandika. Nilipoondoka nikadhani yamekwisha.

Thubutu. Siku ya mwisho tukaitwa wote kwenye kibaraza cha shule, wanafunzi wakiwa tayari na mizigo. Mervyn hakuweza kuingia kwa sababu ya hao mama wakwe zake wawili, akachuchumaa nje, mgongo ukutani, shati jipya limepigwa pasi. Daktari Philippa akaanza kwa kutangaza insha iliyoshinda. Ilikuwa ya Marlies. Akaisoma kwa sauti, mahali panaposema kwamba mwanamume wa hapa anapougeuza uso wake anampa mwanamke heshima kubwa kuliko zote. Daktari akapangusa macho. Tukapiga makofi.

Halafu akakunjua karatasi nyingine. "Sasa, jambo la dereva. Mwanafunzi mmoja amelalamika. Dereva hamsalimii, hamtazami, anampa mgongo. Na kuna vipande vya mizoga mlangoni kwake."

Sikuamini masikio yangu. "Daktari, hiyo si ndiyo insha uliyoisoma sasa hivi?"

"Noeleen, mila hii naifahamu. Nimeiandikia kitabu." Sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumbembeleza mtoto. "Lakini chuo kina kanuni zake. Kila mwanafunzi ana haki ya kujiona amekaribishwa. Mervyn aingie basi, ajieleze mbele ya Marlies."

Aingie! Mbele ya Marlies! Nikamwona dirishani, kisogo tu, kimetulia. Mtu aliyeweza kuongea mpaka jua likazama, na siku ile maisha yake yalikuwa yanangoja maneno machache tu, hakuweza kuyasema.

Daktari akangoja kidogo. "Basi na hili pia nitaliandika. Tutachukua dereva kutoka kampuni ya mjini."

Nikajua tumekwisha. Mgodini tena, wiki tatu, na moja. Nikamtazama mama kwa uchungu, na yeye akanitazama, na uso wake ulikuwa umesawijika. Utani wake ulikuwa umezaa hiki. Akainuka taratibu. Mama yangu katika maisha yake yote hajawahi kumnyang'anya mtu jina. Kwetu ni kama kumtoa mtu nyumbani ukafunga mlango.

"Marlies, simama," akasema kwa lugha yetu. Hakumwita mdogo wangu. "Jina nilikupa mimi, na mimi nalichukua. Wewe si Napangardi. Si mdogo wangu. Huna mtu hapa."

Wanawake wa kwetu wakashusha pumzi. Mmoja alianza kulia. Marlies akatabasamu mpaka masikioni, akainama kama anayepokea cheti, na wanafunzi wenzake wakapiga makofi, wakidhani ndiyo kuhitimu kwenyewe.

Mama akatoka kwa mlango wa pili bila kumtazama mtu. Mervyn akaingia. Akasimama mbele ya Marlies, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu apewe lile jina, akamwambia, "Haya, binti. Twende, ndege inakungoja."

Blanketi aliling'oa. Soksi akaivua. Na njia nzima mpaka uwanja wa ndege alimwaga uongo wa wiki mbili: babu kabeba hili, shangazi kachimba lile, na ngamia aliyemwoa mzungu. Marlies alikaa mbele kabisa, anacheka mpaka kofia inamdondoka. Pale uwanjani akamkumbatia Mervyn, akamkumbatia tena.

"Hatimaye amenipokea!" akamwambia Daktari. "Nafuta malalamiko yangu yote. Hakuna dereva kama huyu."

Daktari akampa Mervyn mkono. "Umeona? Ilikuwa rahisi hivyo tu. Kazi ni yako."

Ndege ikaruka. Tukarudi na basi tupu, mimi, yeye na Bosi. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na hasira, sijui kipi kilizidi. Mervyn aliendesha kimya, mawe yote yakapita bila kutungiwa kitu.

"Sema basi," nikamwambia. "Kazi umepata, na mama mkwe hayumo."

"Niseme nini, Noeleen? Wiki mbili nimewinda kwa ajili yake, sikumwambia uongo hata mmoja, akanishtaki. Leo si mtu wangu, nimemdanganya njia nzima, akaniita rafiki."

Akabadilisha gia. Kundi jingine linakuja mwezi ujao.