Nilitania fundi wangu kuhusu mafuta, nusu ya Kinama ikakimbilia Musaga

Wakuu, amahoro.

Leo sitapamba kitu. Hata penye ninaonekana mujinga nitapaacha vile vile.

Kwanza munijue. Mi ni patron wa atelier ya kuchomelea vyuma hapa Jabe, Bujumbura. Shule niliishia darasa la nne, nikaanza na nyundo ya kuazima. Leo ukiona mlango wa chuma unafunga bila kulia huku mtaani, uliza nani aliutengeneza.

Mafundi saba wananiita patron.

Sasa musikie utani wenyewe.

Hapa kwetu mafuta ya gari, essence, imekuwa kama mugeni mukubwa, haisemi itakuja siku gani. Watu wanalaza gari kwenye mulolongo siku mbili, tatu.

Fundi wangu wa kwanza ni Ezekieli. Anakaa Kinama, ana pikipiki, na kila asubuhi ni "patron, umesikia mafuta iko wapi?" Kila asubuhi! Nikasema huyu leo nitamuponya.

Asubuhi, akiwa bado kwake Kinama, nikamutumia sauti kwa WhatsApp: "Ezekieli, ile station yenye ilifungwa Musaga imefunguliwa. Camion ya mafuta imeingia sasa hivi. Hata bidon wanajaza. Kimbia!"

Asiyejua Buja: Kinama ni kaskazini, Musaga ni kusini. Katikati kuna mji mzima.

Tukakaa atelier tunacheka, tunangoja aje na bidon yake, lile dumu la mafuta, tupu.

Nilisahau Ezekieli ni mutu wa aina gani. Mi ningekimbia peke yangu, nisimwambie hata ndugu. Yeye anaongoza kwaya kanisani kwao. Akatupa ile sauti kwenye groupe ya kwaya. Kwaya wakatupia majirani, majirani wakatupia nani sijui.

Saa sita muteja wangu wa Musaga akapiga simu. "Patron, nasikia sauti yako kwa kila telefone hapa! Watu wamejaa mbele ya station, na pompe yenyewe ilishang'olewa zamani!"

Kuna waliosukuma pikipiki kutoka Kinama. Kuna wamama na bidon kichwani.

Na kuna Papa Shabani, jirani wa Ezekieli, mwenye taxi. Alikuwa kwenye mulolongo wa kweli mjini siku mbili, amebakiza gari nne mbele yake. Akaona ujumbe umetoka kwa Ezekieli, akaacha nafasi, akachoma tone la mwisho kwenda Musaga. Taxi ikazimika huko huko.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Ezekieli alifika atelier saa tisa, kwa miguu, pikipiki yake imekauka. Hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi. Akaweka miwani yake ya kuchomelea mezani.

"Patron, ulinitania mi, sawa. Lakini kule kwetu hawakujui we. Wanajua Ezekieli ndiye alituma. Nitasimama aje mbele ya kwaya?"

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja.

Wakuu, mi sikuwa na desturi ya kuomba samahani. Nikichelewesha kazi, muteja ndiye ananibembeleza. Lakini siku ya tatu nilishika mlango wenye Ezekieli aliacha nusu, nikajaribu kuumaliza. Alama yangu ya kuchomelea na yake zilikaa sambamba pale, na yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikaona aibu.

Jumamosi kwaya wana mazoezi. Nikafunga kaziye mbili, yaani kreti, za soda kwenye baiskeli, nikasukuma kutoka Jabe mpaka Kinama. Gari yangu? Kavu kama za wengine.

Papa Shabani nyumba yake inagusana na kanisa. Aliniona wa kwanza. "Eh! Camion imeingia!"

Watu wakapasuka kicheko. Nilistahili.

Nikasimama mbele yao. "Ile sauti ni yangu. Ezekieli hakudanganya mutu. Mi ndiye nilidanganya, na nilianza na yeye. Munisamehe."

Nikashusha soda. Kwetu ukileta kinywaji cha kuomba samahani, wenyewe wasipokigusa unarudi nacho pamoja na kosa lako. Na mwenye kuleta ndiye anaonja kwanza.

Mama mmoja wa kwaya akafungua chupa, akanipa. "Onja, patron, tusije tukakuta ni essence."

Nikaonja. Wakakunywa wote. Ezekieli akawa wa mwisho, lakini alikunywa.

Papa Shabani akafuta mdomo. "Soda nimekunywa. Na nafasi yangu?"

Apana, hapo alikuwa na haki. Jumatatu mi na mafundi tulisukuma taxi yake kutoka Musaga, mteremko ukatusaidia, mpaka mwisho wa mulolongo wa mjini. Nikakaa ndani yake siku mbili. Mi, patron! Ezekieli ananiletea ndizi na maharagi.

Zilipobaki gari nne, nikamupigia Papa. "Njoo, wanajaza."

"Ni kweli, ama ni Musaga tena?"

Nikapitisha simu kwa Ezekieli, amesimama hapo na sahani ya maharagi.

"Papa, njoo," akasema.

Papa akaja mbio.

Wakuu, nilichojifunza: utani unaomutumia mutu, angalia kwanza ana roho ya namna gani. Mwenye roho nzuri hawezi kuubeba peke yake, atagawia wengine.

Na wewe, utani wako wa kazini uliwahi kwenda mpaka wapi? Mseme bila kunionea huruma, ngozi yangu imezoea cheche.