Mkono Begani mwa Neema

Harufu ya kitenge kipya, kile ambacho bado hakijaguswa na maji, hunikera hadi leo. Hunirudisha mwaka wa kipaimara chetu, nyumbani kwetu mlimani, juu ya Usa River, sebule ikiwa imejaa vitenge vya kijani vyenye maua ya njano. Mama na mdogo wake, Mama Neema, walishona sare, kama ilivyo desturi ya kwetu mtoto anapobarikiwa. Mama Neema alikuwa na duka mjini, mtaa wa Sokon I, na duka lilimbana, hivyo binti yake Neema aliishi kwetu mwaka mzima ili tusome mafundisho pamoja. Mwaka mzima nilimwonea wivu. Alimiminiwa maziwa kabla yangu, alisifiwa kwa kuimba, na Mama alimwita "mwanangu" kwa sauti ambayo mimi niliisikia nikiwa na homa tu.

Baada ya ibada tulipigwa picha: sisi wawili mbele na magauni yetu meupe, mama zetu nyuma yetu wamebanana. Ilisafishwa moja tu, mjini, na ilipoletwa nilichokiona kwanza ni mkono begani mwa Neema. Zile sare zilikuwa zimemezana. Maua ya njano yalitoka kwa dada yakaingia kwa mdogo wake bila mpaka wowote, na mkono ukachomoza hapo katikati. Mimi niliona mkono wa Mama. Baba aliona wa Mama Neema. Bibi aliisogeza picha dirishani, akasema ni wa Mama, kisha akageuza kauli. Neema alicheka. "Huyo ni mama yangu bwana, kwani wewe huoni?" Nilijua ananidhihaki. Mama yake anaye, wangu kamtwaa, na bado ananicheka.

Jumamosi moja, wote wakiwa shambani wanachuma kahawa, niliishusha picha ukutani nikaukwangua ule mkono kwa wembe mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Mama alipoiona hakunichapa. Alikaa kitini, akaniuliza, "Kwa nini umemfuta mama yako mdogo?" Nikamwambia ulikuwa mkono wake yeye. "Wangu? Mimi siku ile nilishika mkoba wa mama yako mdogo, na mwavuli. Mikono yote miwili. Ningemshika mtu kwa mkono upi?" Nilipaswa kuona aibu. Lakini nilichokisikia ni kwamba hata mimi hakunishika.

Mama Neema alifariki kabla hatujamaliza sekondari, na hiyo ndiyo picha pekee aliyopiga na binti yake. Siku hizi wanangu hupiga picha hamsini kabla ya chai, na simu hufuta doa lolote. Mwezi uliopita nilimwambia Neema tuipeleke kwa fundi wa kompyuta aurudishe ule mkono. Akakataa. Ameitia fremu, ameitundika sebuleni kwake, na wageni wakiuliza kuhusu ile alama nyeupe huwajibu, "Hapo mama amenishika." Nilishamwomba radhi, naye alinisamehe zamani. Kila nikienda kwake huitazama nikisubiri chai. Yeye anaona mkono mahali palipobaki karatasi tupu. Mimi natazama bega langu pale pichani, zima, halina hata mkwaruzo, na bado namwonea wivu.