Gari la Baba Mdogo Likipata Moto

Mume wangu alitoa sharti lake tulipokuwa tumeshaiacha Dallas nyuma na barabara ya Houston imenyooka mbele yetu.

"Likiwaka likiwa na moto, linunue, sitasema neno. Lisipowaka, tunarudi Lewisville na habari ya gari hili inaishia huko huko. Hakuna cha lakini."

Nikasema sawa. Aliniangalia kidogo, kisha akarudisha macho barabarani. Anaijua hiyo sawa yangu.

Sharti lenyewe nilimfundisha mimi, kwa kujitia mjuzi. Gari tulilolifuata lilikuwa la michezo, la Kijapani, jekundu, viti viwili tu, la zamani kuliko ndoa yetu. Injini yake ni ya rotari. Haina pistoni za kupanda na kushuka; ndani kuna kipande cha pembetatu kinachozunguka, na kwenye ncha zake kuna vyuma vyembamba vya kuziba hewa isivuje. Vyuma hivyo vikichakaa, gari linakufanyia unafiki. Asubuhi likiwa baridi linawaka mara moja, unalisifu. Ukiliendesha likapata moto, ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe. Injini ikifika hapo imekwisha, ni ya kufunguliwa yote. Kwa hiyo anayetaka kulinunua analiendesha mpaka lichemke vizuri, analizima, anasubiri kidogo, halafu anawasha. Hicho ndicho kipimo. Nilimsomea mume wangu habari hizi wiki nzima, hata akiwa anapiga mswaki, na sasa alikuwa ananirudishia maneno yangu.

Hakuwa mkatili. Gari hilo lingekuwa la kunipeleka kazini Garland kila siku, kwenye maabara ninayofanya kazi, na likinizimikia kwenye barabara kuu ni yeye angekuja kunichukua. Lakini mimi nililitaka. Nililitaka kwa namna ambayo mama wa umri wangu anaona haya kuisema mbele za watu.

Nilipofika Amerika kusoma, Houston, sikuwa na ndugu hata mmoja. Walionipokea ni mzee mmoja wa Tanga na mke wake, nikakaa nyumbani kwao mpaka nilipohitimu. Sikuzaliwa nao, lakini kwangu ni Baba mdogo na Mama mdogo, na ndio walionisimamia nilipoolewa. Gari hilo jekundu lilikuwa la Baba mdogo. Ndani yake nilijifunza klachi, nikiwa nalia, yeye akiwa ananicheka. Aliwahi kusema kwamba watakaotaka kumtenganisha nalo wasubiri azikwe. Kwa hiyo mwaka ule wa 2019 Mama mdogo aliponipigia simu na kusema, "Baba yako mdogo anauza gari, na anataka ulichukue wewe," nilifurahi kwanza. Kushangaa kulikuja baadaye.

Tulifika kabla ya adhuhuri, joto la Houston limeshakaa shingoni. Tukaamkia, shikamoo zikapokelewa, na kabla sijaweka mkoba chini Baba mdogo akasema twende nikalisikilize. Nilitaka kuliendesha mimi, lakini alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Mtu mzima akishakaa kwenye usukani wa gari lake humwambii shuka. Mume wangu alibaki barazani kwa kukosa kiti.

Liliwaka kwa mguso mmoja. Sauti yake haingurumi kama ya magari mengine, inavuma, na mimi mwili ulinisisimka kama zamani. Baba mdogo aliingia barabara kubwa akikanyaga mafuta, akicheka. Halafu akahamia njia ya kushoto. Pembeni yetu, upande huo huo wa kushoto, karibu kiasi cha kuona mkono wa dereva, kulikuwa na pikapu. Hakugeuza shingo. Hakuangalia kioo. Alihamia tu.

"Baba mdogo!"

Honi ya pikapu ililia mpaka masikioni. Akavuta usukani kulia, gari likayumba, likatulia. Mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania kiti.

"Wamarekani hawana subira," alisema.

Nilijiambia amesahau tu, kila mtu husahau. Ninapotaka kitu huwa najiambia mengi.

Tulirudi, mshale wa joto umepanda pale unapotakiwa kuwa. Hapo ndipo pa kipimo. "Baba mdogo, zima halafu uniachie ufunguo, ni-test kidogo," nilianza, lakini Mama mdogo alikuwa ameshatoka mlangoni na kanga yake mabegani.

"Chakula kinapoa! Mtanifanya nipashe pilau mara mbili kama mama ntilie?"

Injini ikazimwa, ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa shati la mzee, tukaketi. Nani anaweza kukataa? Umetoka mbali, umeandaliwa, mwenye nyumba amesimama mlangoni. Useme nini, kwamba kwanza nataka kuhakikisha hamnidanganyi? Nikala. Pilau, kachumbari, samaki wa kukaanga, na kila nilipomaliza Mama mdogo aliniongeza. Nje kule injini ilikuwa inapoa, nami nilikuwa najua kila tonge ninalomeza linaipoza zaidi. Jasho lilinitoka ndani ya nyumba yenye kiyoyozi.

Baada ya kunawa, Baba mdogo alimwita mume wangu nje akamwashie alione. Likawaka, mara moja. Mume wangu akanigeukia akitabasamu, tabasamu la mtu aliyeshindwa kwa heshima.

"Haya, limewaka."

Hakukumbuka kwamba tumekaa mezani muda wote ule. Mimi nilikumbuka. Ilikuwa ni kunyamaza tu na gari lingekuwa langu. Nikanyamaza.

Alasiri wanaume walikwenda msikitini. Baba mdogo alitaka kwenda na jekundu; mume wangu akasema hapana mzee, twende na langu, umpumzishe bibi harusi wako. Walipoondoka nilimfuata Mama mdogo jikoni. Nilikuwa nimekasirika, naomba mnielewe. Watu walionilea walikuwa wananiuzia mzoga, na wananilisha ili nisiunuse.

"Mama mdogo, gari likipata moto haliwaki. Kweli si kweli?"

Alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. "Kweli. Liliniacha kwenye maegesho ya dukani na ice cream za wajukuu, zikayeyuka zote."

"Na mmenificha."

"Nimekuficha mimi. Yeye hana habari." Akazima maji. "Macho yake, mwanangu. Presha ya macho. Upande wa kushoto hauoni tena. Daktari alimwambia asiendeshe, akaniambia daktari amesema aendeshe taratibu. Nilikuwa naye kwenye chumba, nilisikia kwa masikio yangu! Watoto wamemsihi, amewafokea. Wewe tu ndiye anayekubali kukupa. Nikasema nikikwambia injini mbovu hutakuja, na asipolitoa gari hili ataua mtu, au ataniachia ukiwa."

Nikakumbuka pikapu.

"Lichukue tu," alisema, na sasa alikuwa analia. "Mumeo ameshaona limewaka. Usimwambie. Tutakusaidia kulitengeneza, nitaongea na watoto."

Hasira yangu yote iliisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nikisema kweli, tunarudi Lewisville kwa sharti nililolikubali, na mzee anabaki na gari lake. Litapoa, litawaka, atalipanda. Nikinyamaza, kila mtu atapata anachotaka, na anayedanganywa ni mmoja tu: yule aliyenipa neno lake na kuchukua langu. Nilikausha sahani moja mpaka Mama mdogo akaninyang'anya.

Waliporudi, mume wangu alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Mama mdogo alianza kupanga vikombe.

"Baba mdogo," nikasema, "nataka kulizungusha tena. Sasa mimi."

"Na chai?" Mama mdogo aliniangalia, macho yote yakiniomba.

"Chai tukirudi, Mama mdogo."

Mzee aliutoa ufunguo pole pole, akanipa. Akakaa upande wa abiria, magoti yamemkaribia kifua, mtu aliyejikuta mgeni kwenye gari lake. Niliendesha mpaka mshale ukapanda na sakafu ikapata joto miguuni. Njiani nilitafuta maneno. Mimi niliyemwamkia asubuhi ile ile, nimwambie huoni? Midomo ilifunguka mara kadhaa, ikatoka habari ya foleni.

Nikaingia kituo cha mafuta, nikasimama pembeni, nikazima. Hakuuliza kwa nini. Tulikaa vioo vikiwa wazi, joto likituingilia. Kisha nikawasha. Stata ilizunguka, ikazunguka, injini haikushika. Nikarudia. Nikarudia tena, nikiomba Mungu liwake, ingawa nilijua haliwaki. Hakuna kitu.

"Acha, utamaliza betri," Baba mdogo alisema. "Linakataa hivyo tangu mwaka jana."

Nilimgeukia. "Ulijua?"

"Mimi si ndiye ninayeliendesha? Mama yako mdogo anadhani ananificha. Kila nikirudi ananiitia chakula. Nimenenepa kwa sababu ya injini hii." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Ile pikapu ya asubuhi sikuiona. Niliisikia."

Nilimshika mkono, kitu ambacho sijawahi kukifanya.

"Nilidhani litakufa lenyewe," aliendelea. "Kila siku nasubiri life kabisa. Gari likichoka, watu wanasema gari limechoka, basi. Nikisema macho, mimi ndiye mbovu. Nikaona bora nikupe wewe, utasema mzee kanipa zawadi ya harusi iliyochelewa. Lakini siwezi kukuuzia kitu kibovu, mwanangu. Nilitaka kukwambia leo, nimeshindwa. Msilinunue." Akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo. Wewe mpigie mumeo aje akuchukue. Likipoa nitalirudisha nyumbani, taratibu."

Taratibu. Neno lile lile alilompachika daktari.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Mko wapi? Limewaka?"

Kiganja cha Baba mdogo kilikuwa bado wazi mbele yangu. Niliuchomoa ufunguo, nikautia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu.

"Halijawaka," nilisema. "Mchana liliwaka kwa sababu tu lilikuwa limepoa tulipokuwa tunakula. Nilijua, nikanyamaza. Na nalinunua hivyo hivyo. Najua tulikubaliana nini. Baba mdogo yuko hapa pembeni yangu, ananisikia."

Mzee alikirudisha kiganja chake pole pole, akakiweka kwenye goti, akatazama dirishani upande wa kulia, unaoona. Kwenye simu nilisikia vikombe vya Mama mdogo vikigongana kwa mbali. Nilisubiri neno "lakini," nikiwa nimefumba macho.

"Msikitini," mume wangu alisema kwa sauti ya chini, "mzee alitafuta kiatu chake cha kushoto mpaka watu wote wakatoka. Kilikuwa pale pale, ubavuni kwake kushoto."

Nikafumbua macho.

"Sasa mko wapi?"

Nikamwelekeza.

"Haya," alisema. "Nije na kamba ya kulivuta?"