Sweta ya Vitundu

Jumanne tulimzika mama Kajiado. Jana nilikuwa nikipanga vitu vyake hapa Kitengela, na mfuko wake wa nyuzi ukanuka sufu na mafuta ya taa, vile ulivyonuka nilipokuwa mdogo.

Wakati huo mama alikuwa mjamzito, akifuma sweta nyeupe ya mtoto yenye vitundu vitundu vilivyopangwa kama majani. Jirani yetu, ambaye pia alikuwa na mimba, alimcheka.

"Mama, hizo mashimo zote ni za nini? Huyu atapigwa na upepo ya Kitengela mpaka akome."

"Atazoea," mama alisema. "Usinipotezee hesabu."

Mama alirudi kutoka hospitali bila mtoto. Sweta ilikuwa imebaki mkono mmoja. Aliufuma kwa siku mbili, akaifua sweta, akanituma nimpelekee jirani, ambaye mtoto wake alikuwa amezaliwa salama.

Jirani aliigusa kola, akaikunja sweta tena.

"Hii siwezi kumvalisha. Ni ya mtoto aliyekufa. Lakini usimwambie mama yako, sawa?"

Akaiweka chini ya godoro.

Nilipofika nyumbani mama aliuliza, "Imemtosha?"

"Imemtosha."

"Na mikono?"

"Imefika hapa," nikasema, nikimwonyesha kwenye kifundo cha mkono wangu.

Mama alichukua sindano zake, akatafuta uzi uliobaki, akaanza kumfumia yule mtoto kofia.